Mgeni Asiyeuliza ni Shahidi wa Uongo

Nataka kusema habari ya dhambi moja ambayo sisi Wakristo tuliosoma twaitenda mara nyingi, wala hatuiungami, kwa kuwa hatuihesabu kuwa dhambi. Dhambi yenyewe ni hii: kusimulia dini ya mtu mwingine pasipo kumwuliza mwenyewe. Wako watakaosema, Je, hilo nalo ni dhambi? Nasema, Naam, tena imekatazwa katika Amri Kumi, kama nitakavyoonyesha. Lakini haifai mtu kuwanyoshea wengine kidole kabla hajajitazama, basi nitaanza na kosa langu mimi.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha somo la dini katika shule ya kijiji. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, Waislamu humwabudu nani?" Nikamjibu upesi, pasipo kufikiri, "Humwabudu Muhammad, tena huliabudu jiwe jeusi lililoko Maka." Neno hilo sikulisoma katika kitabu cha Waislamu, wala sikumsikia Mwislamu akilisema. Nililipata kwa aliyenifundisha, naye yamkini alilipata kwa aliyemfundisha, na hivyo uongo ulikuwa ukirithiwa kama shamba.

Siku ya tatu, jioni, mzee mmoja jirani yetu, mvuvi, Mwislamu, alikuja akapiga hodi. Nikamkaribisha, nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti. Akanywa maji, akauliza habari za watoto na za shamba, kama ilivyo desturi. Kisha akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu hucheza na wanafunzi wako. Juzi amerudi nyumbani akilia, kwa sababu ameambiwa ya kuwa babu yake yuaabudu jiwe. Nimekaa katika kijiji hiki tangu kabla hujazaliwa, nami nasali mbele ya macho yenu mara tano kila siku. Je, umepata kuniuliza hata siku moja namwabudu nani?"

Sikuwa na jibu. Yule mzee hakukasirika. Alinieleza kwa upole ya kuwa Muhammad kwao ni mtume na mwanadamu, aliyezaliwa akafa, wala hapana apasaye kuabudiwa ila Mungu peke yake. Na habari za jiwe, alisema Khalifa Omar mwenyewe, alipolibusu, alitangaza kwamba ajua hakika ni jiwe tu, halidhuru wala halifai kitu, ila alifanya hivyo kwa kuwa alimwona Mtume akifanya. Nikanyamaza. Ndipo akaniuliza, "Na kwetu wako wasemao ya kuwa ninyi mwaabudu miungu watatu. Je, ndivyo?" Nikaruka kitini, nikasema kwa ukali, "La, hasha! Mungu wetu ni mmoja!" Akacheka kidogo, akasema, "Basi, mwalimu, sasa umeonja."

Naam, nilionja, na ladha yake ilikuwa chungu. Ndipo nilipofahamu ya kuwa ile amri itukatazayo kumshuhudia jirani uongo haihusu baraza la kesi tu, mambo ya mbuzi na mipaka ya mashamba. Dini ya mtu ni kitu chake cha ndani kuliko vyote. Amwibiaye mtu mbuzi amemwibia mali. Asemaye uongo juu ya ibada yake amemwibia uso wake mbele ya watu, hata mjukuu wake akamwonea haya. Wala hatuwezi kujitetea tukisema, Sikujua. Shahidi aliyesimama barazani akasema asilolijua, huyo ni shahidi wa uongo sawasawa na yule asemaye asilolisadiki.

Katika kutafuta njia iliyo bora nimepata mwalimu, naye si Mkristo. Ni Mwislamu aliyekufa zamani, yapata miaka elfu iliyopita. Jina lake Abu Rayhan al-Biruni. Alizaliwa mwaka 973 katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, na leo mahali hapo pamo katika Uzbekistan. Alikuwa na elimu nyingi, ya hesabu, ya nyota, ya madawa, na ya habari za mataifa. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazni aliiteka nchi ile, akamchukua al-Biruni pamoja na wanachuoni wengine mpaka Ghazni, mji ulio katika Afghanistan. Huyo Mahmud ndiye aliyeingia Bara Hindi kwa majeshi mara nyingi, akibomoa mahekalu na kuchukua hazina zake, na lile hekalu lenye sifa la Somnath alilivunja katika vita vya mwaka 1025 na 1026. Basi al-Biruni aliingia Bara Hindi akifuata nyayo za majeshi hayo, mgeni katika nchi mpya kwake, yenye miungu na madhehebu na desturi zisizohesabika.

Hebu fikirini, ndugu, ilikuwa rahisi kwake kufanya nini. Angaliweza kukaa Ghazni penye usalama, akaandika, Watu wale ni waabudu sanamu, basi, mambo yamekwisha. Bwana wake angalipendezwa, na watu wa mji wake wangalimsifu. Lakini hakufanya hivyo. Akiwa mtu mzima aliyepita miaka 40, alikaa kitako akajifunza Kisanskriti, lugha ya vitabu vya Wahindu, naye akiri ya kuwa ilimtaabisha sana. Alitoa fedha kuvikusanya vitabu vyao, hata vile vilivyokuwa mbali, akawatafuta wanachuoni wa Kihindu wamfasirie. Baadhi ya vitabu hivyo alivitia katika Kiarabu, na kimoja chao ni kile cha Patanjali juu ya yoga. Kisha mnamo mwaka 1030 akakamilisha kitabu kikubwa chenye milango 80, juu ya Mungu wa Wahindu, juu ya nafsi na mauti, na sanamu na sababu zake, na sheria, na sikukuu, na saumu, na hesabu za nyota. Kitabu hicho kipo hata leo. Mjerumani Edward Sachau alikipiga chapa kwa Kiarabu mwaka 1887, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka uliofuata.

Na sababu ya kukiandika ni neno lituhusulo hasa. Al-Biruni aeleza ya kuwa siku moja rafiki yake mmoja alilalamika juu ya mwandishi aliyewasingizia Mutazila, watu wa madhehebu mojawapo ya Waislamu wenyewe, akageuza maneno yao hata yakaonekana ya kipumbavu. Wakazungumza, wakaona ya kuwa ikiwa watu wa dini moja wasingiziana hivi, je, wale walio mbali itakuwaje? Vitabu vilivyokuwapo juu ya Wahindu vilikuwa vimenakiliana tu, huyu akichukua kwa yule, pasipo hata mmoja kwenda kuuliza. Ndipo yule rafiki akamwomba aandike ayajuayo, ili watakaopenda kujadiliana na Wahindu wawe na maneno ya kweli mkononi. Al-Biruni akaahidi ya kuwa kitabu chake hakitakuwa cha kubishana. Atayaweka maneno ya Wahindu kama wayasemavyo wao, hata yale yasiyompendeza.

Tena ahadi yake aliitimiza. Aliandika ya kuwa wenye elimu miongoni mwao wasadiki Mungu mmoja, wa milele, asiye na mwanzo wala mwisho, na ya kuwa sanamu ziliwekwa kwa ajili ya watu wasio na elimu, wasioweza kufikiri jambo lisiloonekana. Akaonya ya kuwa katika kila taifa imani ya wasomi na imani ya watu wa kawaida si sawa, wala si haki kuwapima wengine kwa wajinga wao na kujipima wewe kwa wenye hekima wako. Neno hilo, ndugu, tuliandike mlangoni. Maana sisi tukitaka kuusifu Ukristo twamtaja Mtakatifu Fransisko, na tukitaka kuudharau Uislamu twamtaja mtu mmoja mlevi wa mtaa wa pili.

Na mtu asidhani ya kuwa al-Biruni alikuwa mlaini, asiyeweza kusema hapana. Aliwalaumu Wahindu waziwazi kwa majivuno yao, kwa vile walivyodhani hapana nchi ila yao, wala elimu ila yao, na kwa vile walivyomhesabu kila mgeni kuwa najisi, wasikubali kula naye wala kuketi naye. Lakini hakukomea kuwalaumu wao. Aliandika pia ya kuwa vita vya Mahmud, mtawala wake mwenyewe, viliiharibu nchi ile na kuwatawanya watu wake, na ya kuwa hiyo ni sababu mojawapo Wahindu wakawachukia Waislamu wote, na elimu yao ikakimbilia mbali, Kashmir na Benares, pasipofika mkono wa majeshi. Tazameni ujasiri wa mtu huyo! Alifahamu ya kuwa ajaye nyuma ya upanga haambiwi yaliyomo moyoni, na hakuwalaumu wenye midomo iliyofungwa pasipo kuutaja upanga.

Sasa mtazameni mgeni wa namna nyingine. Samuel Baker, Mwingereza, alisafiri katika nchi za Mto Naili tangu mwaka 1861 mpaka 1865, na mwezi wa Machi 1864 alilifikia ziwa akaliita kwa jina la Albert. Alikuwa hodari wa safari na wa bunduki, hatumnyimi sifa hiyo. Lakini mwaka 1866 maneno yake yalisomwa mbele ya chama cha wataalamu katika London, na humo alitangaza ya kuwa watu wa nchi zile, Wadinka na Washiluk na Wanuer na wenzao, wote pia, hawamsadiki Mungu aliye juu, wala hawana ibada ya namna yoyote. Wataalamu walikaa vitini wakasikiliza. Nani angaliweza kumkanusha? Wanuer hawakuwako London.

Zilipita zaidi ya miaka 60. Mwaka 1930 Mwingereza mwingine, E. E. Evans-Pritchard, alikwenda kukaa kwa Wanuer wale wale. Mwanzo hawakutaka kusema naye. Alipowauliza hata jina tu, walimzungusha mpaka akachoka. Naye aeleza sababu: serikali ilikuwa imetoka kupigana nao, na asubuhi moja askari waliizunguka kambi alimokuwamo, wakiwatafuta manabii wa Wanuer. Hata hivyo alirudi tena na tena, akajifunza lugha yao, akakaa penye ng'ombe wao, na mwaka 1956 akatoa kitabu kizima juu ya dini yao. Katika kitabu hicho twasoma ya kuwa Wanuer humwita Mungu Kwoth, neno lenye maana ya roho na pumzi, na ya kuwa humtaja kuwa ndiye aliyeumba vitu vyote, humwomba, humtolea dhabihu, humwungamia makosa. Neno moja lenye kushika roho na pumzi pamoja! Wasomaji wa Biblia watafahamu mara moja ya kuwa Waebrania nao walikuwa na neno la namna hiyo.

Basi nauliza, kati ya mwaka 1866 na mwaka 1956 Mungu aliwashukia Wanuer ghafula? Sivyo. Mto ni ule ule na taifa ni lile lile. Kilichobadilika ni mgeni. Wa kwanza alipita, wa pili aliketi. Wa kwanza alitafuta hekalu na sanamu na kitabu, alipoviona havipo akasema hapana kitu. Wa pili aliuliza, akangoja jibu hata lilipochelewa.

Hapa najua mioyo yenu imefurahi, maana ni tamu kuwasikia wageni wa Ulaya wakikosolewa kwa kusema uongo juu ya Waafrika. Lakini ngojeni. Ni nani leo asemaye ya kuwa babu zetu hawakumjua Mungu kabisa, walikuwa gizani kama wanyama? Je, ni Baker? Baker amekufa. Wasemao ni sisi, walimu na makatekista, katika mahubiri yetu na mbele ya watoto wetu. Tumelichukua neno la mpita njia, tukalifanya fundisho la Kanisa.

Nami nawauliza wasemao hivyo swali moja tu. Wamisionari walipotaka kuitia Biblia katika lugha zetu, jina la Mungu walilitoa wapi? Hawakulileta katika masanduku. Katika Biblia ya Wakikuyu Mungu huitwa Ngai. Kwa Wachaga huitwa Ruwa. Kwa Waganda huitwa Katonda. Kwa Warundi na Wanyarwanda huitwa Imana. Majina hayo yote yalikuwa katika vinywa vya wazee kabla hakijafika kitabu hata kimoja. Mtu hawezi kuazima jina katika nyumba ya jirani, kisha akasema nyumba ile ilikuwa tupu. Padre John Mbiti, mtu wa Ukambani, katika kitabu chake cha mwaka 1970 alikusanya habari za Mungu kama zinavyosimuliwa na makabila zaidi ya 270 ya Afrika. Aliwezaje? Aliuliza, akasoma yaliyoandikwa na waliouliza.

Sisemi ya kuwa yote waliyoyafanya babu zetu yalikuwa mema. Walikuwako waliowatupa watoto mapacha, na waliowaua watu kwa kuwadhania uchawi, na mimi namshukuru Mungu ya kuwa Injili iliyakemea mambo hayo. Lakini mwenye kukemea na ajue anachokikemea. Mganga hampi mgonjwa dawa kabla hajauliza, Waumwa wapi?

Sasa nayajibu maneno ya wapingao. Wa kwanza wasema, Mkristo akianza kuuliza habari za dini nyingine, imani yake italegea, naye atapotea. Nawajibu: al-Biruni aliwauliza Wahindu miaka mingi, akasoma vitabu vyao, na alikufa hali ni Mwislamu. Na kama mfano wake hauwatoshi, chukueni wa Mtume Paulo. Alipofika Athene, mgeni katika mji uliojaa miungu, alifanya nini kwanza? Alizunguka, akazitazama ibada zao kwa uangalifu, hata akaiona madhabahu ya Mungu asiyejulikana; na aliposimama Areopago alianza na madhabahu yao, akawatajia maneno ya washairi wao. Je, aliyajuaje maneno ya washairi wao, kama alikuwa amejiziba masikio? Na Petro alipoingia nyumbani mwa Kornelio, neno lake la kwanza, baada ya kusema jinsi Mungu alivyomwonyesha, lilikuwa swali: aliuliza wamemwita kwa sababu gani. Imani iwezayo kuanguka kwa swali moja ilikuwa imeegemezwa tu ukutani, haikuwa imejengwa. Kuuliza si ujinga, wala si uasi.

Wa pili wasema, Ya nini kumwuliza Mwislamu au Mhindu, hali tunavyo vitabu vilivyoandikwa na watu wetu? Naam, tunavyo, na vingine vina kazi kubwa ndani yake. Canon Godfrey Dale wa Zanzibar aliitia Kurani katika Kiswahili, ikatoka mwaka 1923, ili walimu Wakristo wapate kujua Waislamu wasoma nini. Ilikuwa hatua njema kupita kukaa na kubuni. Lakini aliambatanisha na tafsiri ile maelezo yake ya kuipinga, nao Waislamu wengi hawakuridhika nayo. Wenyewe wamekwisha kutoa tafsiri zao: ile ya Waahmadiya ya mwaka 1953, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyokamilika mwaka 1969, iliyoandikwa pia kwa kuwapinga hao Waahmadiya. Maana yake, mwenye kutaka kujua Mwislamu asema nini, na amsome Mwislamu, tena aangalie ni Mwislamu yupi. Nasi je, twataka watu waujue Ukristo kwa kuwasoma wanaoupinga?

Wa tatu ni wageni wa siku hizi, nao hunena kinyume cha hao wote. Huja katika nchi kwa majuma mawili, huingia hekaluni asubuhi, msikitini adhuhuri, kanisani jioni, kisha hurudi kwao na kuandika ya kuwa dini zote ni moja, tofauti ni mavazi tu. Watu wengi hulipenda neno hilo, maana lasikika kama upendo. Mimi nasema ni dharau iliyopakwa asali. Mwislamu asadiki ya kuwa Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mkristo asadiki ya kuwa Yesu ni Mwana wa Mungu. Mhindu asadiki ya kuwa nafsi huzaliwa tena na tena katika miili mingine. Awaambiaye wote watatu ya kuwa wasema jambo moja amewaambia ya kuwa hakuna hata mmoja ajuaye dini yake mwenyewe, ila yeye mgeni wa majuma mawili ndiye ajuaye. Baker alisikiliza kidogo akasema, Hamna kitu. Huyu asikiliza kidogo na kusema, Mna kitu kile kile. Kosa lao ni moja: hakuna aliyengoja kujibiwa.

Basi tufanyeje? Mimi si askofu wala mwanachuoni, ni mwalimu wa watoto, lakini njia ya al-Biruni naiona ni nyepesi kuifahamu, ijapokuwa ni nzito kuifuata. Kwanza, jifunze maneno ya watu, maana dini haikai nje ya lugha. Pili, mwulize mwenye dini, usimwulize adui yake, wala aliyeiacha kwa hasira. Tatu, mpime mwenye hekima kwa mwenye hekima, na mjinga kwa mjinga. Nne, ukisha kuandika au kusema, jiulize: mwenye dini hii akisikia, je, atasema, Naam, hivyo ndivyo nisadikivyo? Asiposema hivyo, rudi ukaulize tena. Tano, baada ya hayo yote, ndipo useme imani yako kwa uwazi, pasipo kuificha na pasipo kuona haya, maana asiyesema lake naye ni mdanganyifu.

Haya ya tano nataka kuyatia mkazo, mtu asije akasema ya kuwa mwalimu huyu amepoa. Mimi nasadiki ya kuwa Kristo ndiye Bwana, na nalitaka neno hilo lifike kwa kila mtu, hata kwa yule mzee mvuvi. Lakini nimejifunza ya kuwa nilipokuwa nikisema uongo juu ya ibada yake, nilikuwa nikimzibia njia mwenyewe. Atanisadikije nimwambiapo habari za mambo ya mbinguni asiyoyaona, ikiwa nimemwambia uongo juu ya mambo ayaonayo kila siku katika msala wake?

Yale mazungumzo yetu ya jioni hayakwisha siku ile. Tulikutana mara nyingine, chini ya mwembe wake, au pwani alipokuwa akitengeneza nyavu. Nilimwuliza juu ya saumu na zaka, naye akaniuliza juu ya Utatu na juu ya msalaba. Mengine hatukukubaliana, wala sidhani tutakubaliana. Siku moja tulibishana mpaka jua likazama, naye akaniaga kwa kusema kwamba mimi ni mtu mgumu, nami nikamjibu kwamba yeye ni mgumu zaidi, tukacheka. Lakini tangu siku ile hakuna aliyesema juu ya mwenziwe neno ambalo hakulisikia kwake mwenyewe.

Ilibaki kazi moja, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote. Nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikawaambia watoto, "Lile nililowafundisha juu ya Waislamu halikuwa kweli. Sikumwuliza mtu, nilibuni tu. Nimekosa." Wakanitazama kwa mshangao, maana hawajazoea kumsikia mwalimu akisema hivyo. Kisha yule mtoto aliyeniuliza kwanza akainua mkono akasema, "Basi, mwalimu, humwabudu nani?"

Nikamwambia, "Babu wa rafiki yako yuko pwani. Nenda ukamwamkie, umwulize kwa adabu. Kesho utueleze."